Siku Kaka Marhoun Aliposema "Nimekosea"

S.L.P. 41,
Ibra, Oman.
9 Machi 1984

Mpendwa kaka Hamdun,

Assalamu alaykum, na shikamoo. U hali gani huko Tabora, na mguu umepoa? Sisi hatujambo, alhamdulillah. Mama tu analalamikia baridi, na soksi hataki kuvaa.

Nakuandikia habari za kaka yetu Marhoun. Wakumbuka alivyoshindwa udiwani kwa kukataa kuahidi kwamba atafuta ushuru wa soko. Watu walimzomea mpaka mlangoni kwetu. Akaja huku kuanza upya, karani miaka minane, na sasa yumo Maskati katika ofisi inayotunga sheria za kodi.

Mwezi uliopita alitumwa Nizwa kuwasomea wafanyabiashara rasimu ya kodi ya maduka, mkubwa wake akiwa amekaa pembeni. Alipomaliza, mzee Sleyum, mwenye kiduka kule Tanuf, akainuka. "Mwanangu, mimi na mwenye malori kumi tutalipa sawasawa?"

Marhoun akaisoma tena karatasi. "Si haki, mzee," akasema. "Nimekosea. Kifungu hicho nimekiandika mimi."

Mkubwa wake akatoka bila ya kumuaga.

Basi wiki mbili hizo, kaka! Wifi Ghalia keshafunga hata sufuria, akijua kazi imekwisha. Mwenyewe Marhoun alikuwa akiandika rasimu upya, na hakuna aliyemtuma. Akaipeleka kwa mkono wake.

Imekubaliwa. Viduka vidogo vimesamehewa, na Marhoun ndiye aliyewekwa kuiongoza idara! Mkubwa wake alimwambia, "Wa kunisifu ninao wengi. Wa kuniambia kweli sikuwa naye."

Ijumaa iliyopita alikuwa hapa Ibra, na mzee Sleyum akamfuata na pakacha zima la tende.

"Kupokea siwezi, mzee," Marhoun akamwambia, "lakini kula nitakula."

Wakaketi barazani wakala, wakanywa kahawa, wakacheka. Zilizobaki Marhoun akazibeba mwenyewe mpaka garini kwa mzee.

Mama alikuwa dirishani. Akajifuta macho kwa upindo wa leso, akaniambia, "Mwandikie Hamdun. Mwambie nimemuona mwanangu, yule yule waliyemzomea."

Nisalimie shangazi Bimdogo na Khalaf, na wanao wote uwabusu. Mola akuhifadhi, akupe afya, na atukutanishe tungali na macho ya kuonana.

Mdogo wako akupendaye,
Shukriya