Wakubwa wa Pékin na mufuko wa abacost

Tonton Kasongo,

Nakusalimia wewe na Tantine, na mashine yako ya kushona pia, juu ni yenyewe imeniletea mambo huku Pékin, muji mukubwa wa China.

Leo wenyeji wetu walitupeleka sisi wageni kuona uwanja mukubwa wa muji na nyumba za wafalme wa zamani. Zile nyumba nitakuelezea nikifika kwetu Mangobo, juu sikuziangalia sana. Hapa kila mutu anavaa kama abacost, koti ya kola bila kravati, Tonton. Kwetu mwenye abacost iko mukubwa, donc nikawasalimia wote kama wakubwa, wima, mukono juu ya kifua: "Mbote, citoyen directeur." Nikamusalimia muuza viazi vitamu. Nikawasalimia watu kumi juu ya velo, na moja karibu aanguke.

Mwisho nikamuinamia muzee moja mwenye kola safi kabisa, nikamuita citoyen gouverneur. Kumbe alikuwa na ufagio nyuma ya mugongo. Iko mufagiaji wa uwanja.

Bon, hakukasirika. Alicheka, akasogea, akapima mifuko ya abacost yangu kwa kidole, wa kushoto, wa kuume, tena wa kushoto. Kisha akanipapasa bega, kama vile wanafariji mutu kwenye matanga.

Siku ya kuondoka nilikuambia mufuko moja wa hii abacost uliyonishonea uko chini kuliko mwingine. Ukasema hakuna mutu atakayeona. Alors, Tonton, wameona mpaka kwa Wachina.

Nakuombea afya, maisha marefu, na miwani.

Mutoto wako,
Idi