Mpini wa Kutupwa

Marahaba, mjukuu wangu, mume wangu Saidi,

Huku Gongoni tu wazima. Mama yako kavuna karanga, mimi magoti tu ndiyo yananisumbua.

Umeniuliza kuna haja gani ya kuhangaikia umbo la mpini wa plastiki wa kisu cha upasuaji unaouchora huko kazini, ilhali utatupwa ukishatumika mara moja. Nikamkumbuka babu yako.

Miaka ya vijiji vya Ujamaa nilikuwa mkunga Goweko. Kisu changu cha kukatia kitovu kikavunjika mpini. Babu yako, seremala, akanipa donge la nta ya nyuki. "Libonyeze kama umeshika kisu." Akachonga mpini wa mninga kwa kufuata alama za vidole vyangu. Vyombo tulikuwa tunavichemsha, kwa hiyo mti ukapasuka. Akachonga mwingine, nao ukapasuka, na kila mmoja aliupiga msasa bila haraka.

"Si utapasuka tu?" nikamwuliza.

"Utapasuka. Lakini kwanza utaushika."

Donge lile ninalo. Vidole vyangu haviingii tena kwenye alama zake. Ila pembeni, alipolishikilia yeye, alama ya kidole gumba chake bado ipo. Huwa naweka changu humo.

Bibi yako,
Zuhura