Baba, Nimeiwasha Mashine ya Uani

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia leo, lakini siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila kukuamkia. Ungesema binti yako ameota mapembe kwa kuwa haupo. Nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, pale ulipokuwa ukivulia viatu, na mbele yangu sakafu ya uani ni nyeupe kama siku ilipomwagwa saruji. Nataka nikusimulie ilikuwaje mpaka ikawa hivi. Kuna kosa nililifanya ambalo lazima nilikiri kwako, na kuna neno Mama aliniambia jana ambalo mlinificha miaka mitatu.

Unakumbuka yote haya yalianza na Mama kuteleza. Uani ndio dunia yake. Jiko liko huku, bafu na choo viko kule, na kamba za nguo katikati. Masika ile sakafu ilivaa utando wa kijani, naye akapita na ndoo, akaenda chini na kuvunjika mkono. Baada ya hapo ulipiga magoti na brashi ya waya kila Jumamosi, mtu mzima wa umri wako, unasugua kutoka ukuta hadi ukuta. Kabla ya Jumamosi nyingine kijani kimerudi. Nilikuwa nikikutazama kutoka dirishani na roho inaniuma, lakini wewe ukikatazwa hukatazika.

Asubuhi moja ukaniambia, "Rehema, leo kazini utachelewa kidogo. Twende Kariakoo wote."

Nilidhani unataka kampani tu. Kumbe ulishazunguka maduka yote ya mashine za kuoshea sakafu kwa maji ya presha, siku tatu nzima, wakati mimi nadhani uko kijiweni unacheza bao. Yule kijana wa duka alikuwa anakufahamu kabisa. Akakuonyesha jimashine kubwa jekundu, limesimama mlangoni kama fahali. "Mzee, chukua hii uondokane na tabu. Hii ndiyo baba lao."

"Baba lao ataning'olea sakafu," ukamjibu. "Mimi naosha uani. Sioshi malori."

Akakuletea ya umeme, ndogo, haina kelele. Ukaigeuza, ukaisifu, ukaikataa. Ukamweleza kwamba nyaya za nyumba yetu ni za zamani kuliko yeye, kwamba mkeo hapendi viatu anapokuwa na maji, na kwamba umeme wenyewe ukiamua kukatika haumwulizi mtu. Ndipo mkarudi kwenye za petroli, zile za kati. Ulikaa chini kwenye kiti chake ukaanza kumhoji kama askari. Kichwa cha pampu ni shaba au ni bati? Kikiharibika kinafunguka, au ndiyo kutupa? Raba zake za ndani zinapatikana hapa hapa Kariakoo, au mpaka ziagizwe? Tangi la petroli lina bomba la kufungia? Yule kijana alitoka jasho. Mimi niliona aibu, maana duka la vitenge ninapouza liko mtaa wa pili tu na wapagazi wote wa pale wananijua.

Kisha ukaniaibisha kabisa. Ukanigeukia na kusema, "Vuta hiyo kamba."

"Mimi?"

"Kwani nimemwita nani?"

Nikavuta nikiwa na baibui na mkoba begani. Mashine haikuwa na petroli, ulitaka tu niizungushe. Ya kwanza ilinishinda, kamba ilitoka robo ikagoma. Ukasema tuletewe nyingine. Ya pili ikatoka nusu. Wapagazi wakasimama na mikokoteni yao kutazama sinema, na mmoja akasema, "Dada, leo umehamia gereji?" Ya tatu, ile ya bluu, ikatoka yote mpaka mkono ukanyooka.

"Vuta tena," ukasema.

Nikavuta tena. Ukaitikia kwa kichwa, ukaridhika, ukanunua. Njia nzima nilikununia. Niliona umenifanya kichekesho mbele ya watu wa kazini kwangu, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiamini kwamba ulinivutisha mimi kwa kuwa siku ile bega lilikuwa linakuuma.

Halafu ile siku ya kwanza uani, Baba. Umeketi miaka na miaka Feri unatengeneza injini za boti, hakuna injini iliyokutisha. Ukajaza oili mahali pake, vizuri kabisa, kama kitabu kilivyoagiza. Kisha ukachukua dumu la petroli, na mikono yako ikafanya ilichozoea kufanya Feri: ikachanganya oili na petroli, kama kwa injini ya boti. Ulipovuta kamba, moshi mweupe ulijaa uani mpaka hatukuonana. Mama Tatu wa jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza nani anachoma matairi. Ukazima. Ukalitazama lile dumu, kisha ukaanza kumwaga petroli yote na kufuta plagi kwa shati lako.

"Hii haitaki kuchanganyiwa," ukasema. "Mazoea yameniponza. Rehema, usimwambie mtu."

Sijamwambia mtu mpaka leo. Mama aliona mwenyewe, huyo simhesabu.

Baada ya hapo ulinifundisha, na mimi nikidhani unaongea tu kwa kuwa niko karibu. Kwanza fungua maji yapite, usiiwashe kavu hata sekunde moja. Minya ile bunduki ya kurushia maji, utoe presha, ndipo uvute kamba, la sivyo itakurudishia mkono. Weka kile kichwa kinachotawanya maji mapana, hicho chembamba kinachimba saruji. Usiiache inanguruma bila kurusha maji huku unapiga soga na jirani, pampu inachemka. Na ukimaliza, funga bomba la petroli, uiache injini imalize iliyobaki ife yenyewe kwa njaa. Mwisho kabisa ulirudia kila mara, mpaka nikawa naitikia kabla hujamaliza: pitisha maji ya bomba ndani ya pampu, uioshe na yenyewe.

Sasa kosa langu. Ulipotutoka mwaka jana, nyumba ilijaa watu, na arobaini yako ilipokaribia nikataka uani uwe safi kwa ajili ya hitima. Bomba lilikuwa halitoi maji siku hiyo. Mama Tatu akanipa mpira wa maji ya kisima chao juu ya ukuta, na unajua visima vya mtaa wetu, maji yake ukipikia wali huhitaji kutia chumvi. Nikaosha uani wote nikilia. Nilipomaliza sikupitisha maji ya bomba kwa sababu hayakuwepo, na yaliporudi jioni sikuikumbuka pampu. Nikaisukumia stoo ikiwa na petroli tangini. Sikuigusa tena. Nilikuwa siwezi kuiangalia, Baba, huo ndio ukweli.

Mvua za vuli zikaja, kijani kikarudi. Mama akateleza tena, akadaka kamba ya nguo, akaponea hapo. Habari zilimfikia Kaka Salum Dodoma kabla sijaamua kama nimwambie. Akapiga simu.

"Rehema, sikulaumu. Lakini uani wenyewe huo ndio uliomvunja mkono. Kabla masika haijaanza, nakuja kumchukua Mama akae huku na wajukuu."

"Umemwuliza yeye?"

"Nikimwuliza atakataa."

Nikamwambia Mama. Akaendelea kuchambua mchele. "Dodoma nikafanye nini, nihesabu magari barabarani?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimeolewa nyumba hii. Lakini sitaki kuwa mzigo wa kugombaniwa." Aliposema hivyo nikajua akija Salum na begi, ataondoka. Atanyamaza na ataondoka. Na mimi nikaapa palepale jikoni kwamba haondoki kwa sababu ya sakafu.

Nikaitoa mashine stoo. Nilivuta kamba mpaka kiganja kikavimba, haikuwaka. Nikafungua kabureta kama nilivyokuona ukifungua za boti, nikakuta petroli imegeuka gundi ya rangi ya asali. Nikaiosha kwa petroli mpya, kitundu kwa kitundu, kwa uzi wa waya. Nikabadilisha plagi, nikamwaga oili nyeusi nikaweka mpya. Siku ya tatu ikawaka. Niliruka, Baba, Mama ni shahidi. Halafu pampu ikaanza kuvuja kila upande, na maji yakatoka kwenye bunduki kama ya mtu anayemwagilia mchicha.

Nikafungua pampu na kuifunga kwenye khanga, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani. Akaiangalia kwa nje tu. "Dada, hii imekufa. Nunua pampu nzima."

Mimi wa zamani ningegeuka. Nikavuta kigoda nikakaa. "Ifungue nione ilivyokufa."

"Unajua pampu wewe?"

"Nimefundishwa na mtu anayejua. Fungua tu, kaka yangu, mimi sina haraka."

Akafungua. Ndani kulikuwa na ukoko mweupe wa chumvi, kama ule wa chini ya birika, na raba zimeliwa kingo zote. "Nani amepitisha maji ya kisima humu?" akauliza. Nikasema ni mimi. Nilitaka kulia. Nilijiona nimeua kitu chako cha mwisho. Ndipo nikaukumbuka ule moshi mweupe, na wewe umeshika dumu, fundi wa Feri mwenye jina lake, unafuta plagi kwa shati na kuanza upya bila kulalamika. Nikafuta macho.

"Shaba yenyewe imeliwa?" nikamwuliza.

Akaikwangua kwa kidole, akaigeuza kwenye mwanga. "Shaba nzima. Ingekuwa bati ningekurudishia vipande."

Raba tulizipata mtaa wa tatu kutoka pale, siku ileile. Nilimsimamia fundi mpaka akazipanga zote, nikarudi Magomeni na pampu kifuani kama mtoto mchanga.

Salum alifika jana asubuhi. Mama alikuwa ameshavaa, begi liko mlangoni, ametulia kama mtu anayesubiri kuitwa hospitali. Nikamwomba Kaka saa moja tu. Nikaunganisha maji ya bomba, nikavuta kamba. Ikanirudishia mkono kwa nguvu mpaka nikapiga yowe. Haraka ilinisahaulisha bunduki. Salum akaja mbio akakunja mikono ya shati.

"Lete, hii kazi ya kiume."

Mama akasema kutoka kwenye kiti chake, "Mwache. Baba yenu alimpimia yeye."

Tukamgeukia wote wawili. Akasema, "Alizunguka maduka siku tatu. Nikamwambia, mngoje Salum aje likizo akusaidie kuchagua. Akasema, Salum ana kwake. Nikiondoka mimi, atakayebaki na wewe hapa ni Rehema, na mashine asiyoweza kuiwasha Rehema siitaki ndani ya nyumba yangu. Ndiyo maana alimvutisha kamba mbele za watu. Alirudi anacheka peke yake."

Salum aliteremsha mikono ya shati lake, akarudi nyuma hatua moja.

Nikaiminya bunduki, presha ikatoka. Nikavuta. Nikasikia kabisa unasema vuta tena, nikavuta tena, ikawaka na kunguruma ukuta hadi ukuta. Niliosha kwa saa nzima, mstari kwa mstari, kwa maji mapana, na kijani kilitoka kama ganda. Nilipomaliza nilifunga petroli nikaiacha ife kwa njaa, kisha nikapitisha maji ya bomba ndani ya pampu mpaka nikaridhika. Salum akavua viatu na soksi. Akatembea sakafu ikiwa bado imelowa, kutoka jikoni mpaka bafuni, akisukuma kisigino kila hatua akitafuta pa kuteleza. Akarudi. Akachukua begi la Mama, akaliingiza chumbani.

Sasa nalia, Baba, lakini si kilio cha mwaka jana. Nilikununia njia nzima siku ile, na wewe ulikuwa umeshajua nani atabaki. Nisamehe kwa kununa, na kwa ile chumvi. Masika inakuja na mimi niko tayari. Kila Jumamosi nitaiwasha, hata kama sakafu ni safi, petroli haitalala humo tena, na maji ya kisima hayataigusa. Mama anakusalimu. Hivi ninavyoandika anavuka uani na ndoo yake, bila viatu, hataki kusaidiwa.

Pumzika, Baba. Kamba inavutika.

Ni mimi binti yako,
uliyenipimia mkono