Mwavuli wa Manjano

Malaba, Jumanne

Hongera kwangu. Sasa nina bango jipya, ukurasa mtandaoni na tableti ya kupokea oda za chapati. Waliobaki kuarifiwa ni wateja tu.

Shemeji yangu, aliyesomea mauzo, ndiye aliyesema mwavuli wangu wa manjano uliochanika unaaibisha biashara. Nikautupa nyuma ya kibanda. Nilisahau kwamba madereva wa malori huelekezana kwa simu wakiwa kwenye foleni ya mpaka: "Kula kwa mwavuli uliochanika." Jina langu hakuna anayelijua.

Leo dereva mmoja Mganda amesimama mbele ya bango, akalisoma lote, kisha akaniuliza kwa heshima ya kwao, "Nyabo, yule mama wa mwavuli alihamia wapi?"

"Ni mimi."

Akacheka kwa adabu, akanipita.

Nikamfuata kwa macho. Vibanda vitatu mbele, Mama Nekesa ameuokota mwavuli wangu na kuusimika. Madereva wamejaa chini yake, wengine wanakula wakiwa wamesimama.

Kesho itabidi nikamwombe anirudishie, na sijui nitaanzia wapi. Ule mpasuko hata hajaushona. Na huyo hajasomea mauzo.