Kona ya Shukrani

Kwa dada yangu Eteri,

Zabibu tumemaliza kuvuna, mama hajambo. Kesho mume wangu Zauri ananileta kwako kwa gari nijifungulie huko, nami naiogopa safari.

Shemeji yako si kama kaka Tamazi, anayetukana kila gari linalompita. Huyu ni mpole, mcha Mungu. Ila kila akiona kanisa huachia usukani, hufumba macho, hupiga ishara ya msalaba mara tatu.

Juzi, penye kanisa la kona ya korongo, nilipiga yowe. Tairi la mbele lilikuwa linaning'inia hewani!

“Umeona, mke wangu?” akasema. “Mungu katuokoa!”

Kesho tutapita palepale, dada. Hadi juzi alikuwa akipiga mara tatu. Sasa, kwa kushukuru, anapiga mara sita.

Mdogo wako,
Lamara