Aliyetumia Jina Lako Kwenye Seva ya Studio

Studio ya Picha,
Kakamega.
14 Mei 2025

Mpendwa mdogo wangu Cleophas,

Mulembe. Natumaini umeamka salama huko Doha, na kwamba joto halijakumaliza. Kile kifua kilichokusumbua mwezi wa tatu kimepona? Sisi tu wazima. Baba goti linamuuma mvua ikinyesha, na siku hizi inanyesha kila alasiri.

Sasa nisikilize vizuri. Unaikumbuka ile video ya marehemu babu akitembea shambani Khayega, akionyesha kwa fimbo mpaka kati ya baba na baba mdogo Barasa? Wazee wataitazama Jumamosi ijayo ili waamue kesi ya mpaka. Wiki mbili zilizopita niliitafuta kwenye seva yetu ya kuhifadhia video nikaikosa. Niliikuta kwenye pipa la taka la seva, imebakiza siku moja ijifute yenyewe.

Video haijitupi. Nilimtazama Shikanga, mpiga picha wangu, maana ni sisi wawili tu tunaoigusa seva hiyo. Nilianza kuhesabu mara anazotoka nje na simu. Mwisho nikamwambia aache ufunguo wa studio.

"Dada Jescah, unanishuku?" akaniuliza. "Mimi sijagusanga video ya watu wenu."

Aliuweka ufunguo mezani akaenda zake. Sikumrudisha.

Niliirudisha video mahali pake, nikaficha nakala nyingine kwa Mama Navalayo, jirani yetu. Kisha nikaketi na kitabu cha maelezo cha seva kwa siku mbili. Kumbe kuna mahali pa kuiruhusu itoe habari zake kwenye mtandao, nasi hatukuwahi kupafungua. Nikaifundisha kompyuta kuukuu ya kaunta iiulize kila dakika: nani ameingia, faili gani imeguswa, diski imebaki na nafasi kiasi gani. Kukiwa na jambo, inanitumia ujumbe kwenye simu. Mara ya kwanza ilikaa kimya kabisa, kwa sababu nilikosea tarakimu moja ya anwani ya seva.

Alhamisi saa sita mchana simu ikalia. Ujumbe ulisema: Cleophas ameingia. Jina lako la kuingilia nilikuwa nimelisahau humo tangu uliposafiri.

Nilikupigia, hukushika. Nikausoma ujumbe tena. Aliyeingia alikuwa kwenye waifai ya studio, si Doha. Niliinua macho. Kwenye benchi la wateja alikuwa ameketi mtu mmoja tu: Kageha, mke wa baba mdogo, aliyesema amekuja kupiga picha ya pasipoti. Kidole chake kilikuwa kwenye simu. Ujumbe wa pili ukaingia: video ya babu imefutwa.

"Mama mdogo," nikamwambia, "nipe hiyo simu nione."

Hakushtuka hata kidogo. "Mwulize ndugu yako," akasema. "Neno la siri alinipa yeye mwenyewe."

Akachukua mkoba akaondoka bila picha.

Nimelibadilisha neno la siri na jina lako nimelitoa. Video ipo salama. Jumapili nilikwenda kwa kina Shikanga huko Bukura, nikamwomba msamaha mbele ya mama yake. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Alisema amenisamehe, lakini kazini hatarudi. Hilo nimelistahili.

Baba bado hajui jina lililotumika. Ananiuliza kila siku, nami namwambia bado nachunguza. Cleophas, sitaki kukushuku kama nilivyomshuku yule kijana wa watu. Labda mama mdogo alikudanganya kwamba anataka kutazama video za harusi. Labda amekuahidi kipande cha shamba. Niambie wewe mwenyewe, kabla ya Jumamosi, nijue nitamtazamaje baba usoni.

Mkeo Risper na watoto wanakusalimu, na baba anakuombea kila jioni. Mungu akulinde katika nchi ya watu.

Mimi dada yako nikupendaye, hata leo,
Jescah