Duara la Shaba Lililokatwa

Jumapili, 3 Machi
Mke wa mwanangu kaja juu tena. Eti antena ya redio yangu ya kuongelea, pale dirishani, inamtia aibu. "Baba, nyumba imekuwa gereji!" Duara lenyewe upana mita moja tu. Bomba la shaba nililookota saiti, nikalikunja kwa goti langu. Marehemu mke wangu alikuwa anaanika taulo juu yake tu. Huyu hata kikombe cha chai anakibamiza mezani. Ptu!

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu kasema punguza, Baba, tukae kwa amani. Kaona kwenye simu, dogo linafanya kazi ileile. Mtu hajashika koleo maisha yake yote! Lakini nyumba ni yake. Nimekata. Limebaki kama karai la zege. Kipande kirefu mkwe kakidaka, kakitundikia pazia la bafuni. Najichukia.

Jumatano, 6 Machi
Nimewasha redio. Nasikia! Watu wa mbali, safi kabisa. Kumbe kijana kasema kweli.
Basi Jumamosi saa nne asubuhi naongea na Fundi Saa kama kawaida. Miaka kumi na tisa tunaongea hewani, uso wake siujui, wala namba yake ya simu. Jumatatu anapasuliwa moyo. Aliniambia nisikose, anataka acheke kidogo kabla ya kisu.

Jumamosi, 9 Machi
Saa nne kamili. Huyo! Kama yuko chumbani.
"Kaka, upo?"
Nipo!
"Upo, kaka?"
Nipo, bwana wee! Nikabonyeza kitufe cha kuongelea mpaka kidole kikauma. Nikasogeza duara huku, kule. Wapi.
Ndipo nikaelewa. Duara dogo kusikia linasikia, kusema haliwezi. Nguvu yote inaliwa na bomba lenyewe, angani hakifiki kitu. Na mkono uliokata ni wangu.
Akamwambia jamaa mwingine hewani: "Hajibu. Labda kamfuata mkewe." Kisha akasema atangoja hadi saa tano.

Saa nne na nusu. Vibano ninavyo, koleo ninalo. Nikiunga kile kipande dakika kumi zinatosha. Lakini mkwe yumo bafuni, anaoga. Nimekaa koridoni, naandika gotini kama mwehu. Baba mkwe mzima, nigonge mlango wa mwanamke anayeoga?

Saa tano kasoro ishirini. Nimegonga.
Hasikii. Anaimba.